Mirambo, Mtemi wa Urambo

1. Njia ya Misafara

Hapo zamani, kabla reli haijajengwa, ilikuwako njia moja kubwa iliyotoka Bagamoyo pwani, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe penye mji wa Tabora. Toka Tabora njia hiyo iliendelea upande wa magharibi mpaka Ujiji, kando ya ziwa la Tanganyika. Safari ya Bagamoyo hata Tabora ilichukua yapata miezi mitatu. Watu walikwenda kwa miguu, na kila kitu kilichukuliwa kichwani au begani. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili. Kutoka pwani zililetwa nguo za merikani na kaniki, ushanga, masango, bunduki na baruti. Kutoka bara zilipelekwa pembe za ndovu, na pamoja nazo watu waliotekwa, wamefungwa minyororo, wakauzwe.

Wapagazi walio mashuhuri kuliko wote katika njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Kijana wa Kinyamwezi asiyepata kuiona bahari alihesabiwa kuwa mtoto bado, hata akiwa na ndevu. Basi vijana walikwenda pwani kwa maelfu kila mwaka, wakarudi na nguo mpya, na maneno ya Kiswahili, na habari za mambo waliyoyaona. Waarabu nao walikuja wakajenga Tabora, wakapanda miembe na mpunga, wakakaa kama watu wa nchi. Hivyo mambo ya kigeni yaliingia Unyamwezi kwa milango miwili: mengine yaliletwa na wageni, na mengine yaliletwa na wenyeji wenyewe.

Katika siku zile Unyamwezi haikuwa na mfalme mmoja. Zilikuwako nchi nyingi ndogo ndogo, na kila moja ilikuwa na mtemi wake. Mtemi wa kale alikuwa kama baba wa mvua na mavuno. Alikaa katika boma lake, amezungukwa na miiko mingi, na watu wake walimheshimu kwa ajili ya wazee waliomtangulia. Lakini heshima hiyo haikuweza kuzuia risasi. Kila mtemi ilimpasa kufikiri atafanyaje na mambo haya mapya. Wengine waliyakataa wakashindwa, na wengine waliyapokea wakawa watumishi wa wageni. Mmoja aliyachagua mwenyewe, akayatumia kwa shauri lake. Huyo ndiye Mirambo.

2. Ujana Wake

Mirambo alizaliwa yapata mwaka 1840. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtyela, na baba yake aliitwa Kasanda, mtemi wa Uyowa, nchi ndogo iliyo magharibi ya Tabora. Jina la Mirambo alilipata baadaye katika vita, na maana yake ni maiti. Jina hilo peke yake liliwatia watu hofu kabla hajafika mwenyewe.

Wakati alipokuwa kijana, Wangoni walioitwa Watuta walikuwa wamekwisha kufika pande zile. Watu hawa walitoka mbali sana kusini ya Afrika. Hawakupigana kama Wanyamwezi. Jeshi lao lilipangwa kwa vikosi, na vijana waliowateka hawakuwaua, bali waliwaingiza katika vikosi vyao, hata wakasahau kwao wakawa Wangoni. Husimuliwa kwamba Mirambo alikaa na Wangoni hao katika ujana wake, akajifunza lugha yao na desturi zao za vita. Husimuliwa tena kwamba alisafiri na misafara ya biashara kama vijana wenzake.

Alipokuwa bado kijana aliliona jambo jingine lililomfundisha sana. Mtemi wa Unyanyembe wakati huo alikuwa Mnywa Sele. Huyu aliwatoza ushuru Waarabu wa Tabora waliofanya biashara katika nchi yake, kwa kuwa nchi ni yake. Waarabu walikasirika, wakamfukuza, wakamweka Mkasiwa mahali pake, mtu aliyewasikiliza. Mnywa Sele akawa mkimbizi katika nchi aliyoitawala. Alipigana nao miaka kadha wa kadha, akihama toka kijiji hata kijiji, mpaka akauawa mwaka 1865. Mirambo akafahamu kwamba haki ya mtemi bila nguvu haimfai kitu mbele ya wageni wenye bunduki.

3. Rugaruga

Baba yake alipokufa, Mirambo alirithi Uyowa, kisha akaunganisha na nchi nyingine iliyokuwa jirani. Utawala wake wa kwanza ulikuwa mdogo; mtu aliweza kuuvuka kwa mwendo wa siku chache. Lakini Mirambo hakukaa bomani akingojea mvua. Alikusanya jeshi la namna mpya.

Katika nchi wakati ule walikuwako vijana wengi wasio na kwao. Wengine vijiji vyao vilichomwa moto, wengine walikuwa watumwa waliotoroka, na wengine walikuwa wapagazi walioacha misafara njiani. Vijana hao waliitwa rugaruga. Walivaa nguo nyekundu na manyoya ya ndege, nao walikuwa wakali mno. Mirambo aliwachukua akawapa bunduki na chakula na sehemu ya nyara. Kwa Wangoni alitwaa desturi ya kupanga vikosi na kuingiza mateka katika jeshi. Kwa watu wa pwani alitwaa bunduki na baruti. Kwa Wanyamwezi wenzake alikuwa na ustahimilivu wa wapagazi, ambao huweza kwenda mwendo mrefu na mizigo mizito. Akavichanganya vitu hivi vitatu, na jeshi lake likawa halina mfano wake katika Unyamwezi yote.

Alipenda kuchukua vijana wasio na mke wala watoto, kwa maana aliona mtu mwenye nyumba hukumbuka nyumba yake wakati wa hatari. Tena hakuwatuma watu vitani yeye akabaki nyuma. Alitembea mbele yao usiku kucha, na alfajiri, wakati adui hawajaamka, alikuwa amekwisha kulizunguka boma lao.

Mtemi aliyekubali kumtii hakuuawa. Aliachwa katika nchi yake, akatoa kodi na askari. Aliyekataa aliuawa, na mahali pake akawekwa mtu mwingine wa ukoo ule ule aliyekubali kuwa chini ya Mirambo. Kwa njia hiyo watu waliona kwamba ukoo wa watemi wao haukukoma, nao wakatulia.

4. Vita na Waarabu wa Tabora

Nchi za Mirambo ziliifunika njia ya Ujiji. Msafara uliotoka Tabora kwenda ziwani ulipita mikononi mwake, naye akadai hongo kama watemi wote walivyodai. Mwaka 1871 msafara mmoja wa Waarabu ulizuiwa. Yasemekana walitoa mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo, na baada ya kutoa hayo yote wakaambiwa warudi walikotoka, kwa kuwa njia imefungwa. Waarabu wa Tabora wakafanya shauri, wakakusudia kumpiga.

Wakati huo huo alikuwa amefika Tabora Henry Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Daktari Livingstone. Kwa kuwa yeye naye alitaka njia ya Ujiji ifunguliwe, alifuatana na Waarabu kwenda vitani katika mwezi wa Agosti. Walikuwa watu wengi wenye bunduki nyingi, wakaona kazi itakuwa nyepesi. Kweli, kijiji cha kwanza walikitwaa. Kisha kijana mmoja hodari wa Kiarabu, jina lake Saud, akaenda na watu mia kadha mpaka Ulyankulu, akauteka mji, akachukua pembe na watu. Lakini Mirambo hakuwa amekimbia. Aliwaficha askari wake majanini kando ya njia. Saud na watu wake walipokuwa wakirudi, wamelemewa na mizigo ya nyara, rugaruga waliinuka wakawaangukia. Saud akauawa, na wengi pamoja naye. Habari zilipofika kambini, jeshi lote la Waarabu likavunjika, kila mtu akakimbia Tabora kwa njia yake.

Baada ya siku chache Mirambo mwenyewe akaja Tabora. Mzee mmoja wa Kiarabu, Khamis bin Abdallah, alitoka kumpinga na watu wachache, nao wengi wakamwacha. Akauawa, na sehemu ya mji ikachomwa moto. Stanley aliona moshi kutoka Kwihara alipokaa. Ikambidi kuiacha njia ya kawaida, akazunguka mbali upande wa kusini, na mwisho wa mwaka ule akamwona Livingstone Ujiji.

Vita viliendelea miaka kama mitano, mara vikali, mara vimepoa. Misafara ilikwama, pembe zilikuwa haba, na wafanya biashara wa Unguja walilalamika. Lakini waliopata taabu kuliko wote walikuwa watu wa vijijini. Mashamba yaliachwa, maghala ya nafaka yaliteketezwa, na wanawake na watoto walitekwa na pande zote mbili. Mirambo naye alichukua mateka, na wengine waliuzwa. Jambo hili halifichiki katika habari zake, wala si la kusifiwa. Hata mwisho pande zote mbili zilichoka, na karibu na mwaka 1876 wakapatana, njia ikafunguliwa.

5. Mirambo na Wazungu

Mwezi wa Aprili mwaka 1876 Stanley alipita tena katika nchi ile, naye akakutana na Mirambo mahali paitwapo Serombo. Stanley alitazamia kumwona jambazi mwenye sura ya kutisha. Akamkuta mtu mrefu, mwembamba kidogo, apataye miaka thelathini na mitano, aliyevaa vizuri kama watu wa pwani, mwenye macho ya upole na sauti ya chini. Wakachanjia: mtu alitoa damu kidogo katika mguu wa kila mmoja, zikabadilishwa, wakawa ndugu. Wakapeana zawadi, wakaagana kwa amani. Wale waliopigana mwaka 1871 wakawa ndugu mwaka 1876.

Mirambo hakufanya hivi kwa kupenda Wazungu tu. Aliona kwamba bidhaa zote za pwani zilipita mikononi mwa Waarabu wa Tabora, nao waliweza kumfungia baruti na nguo siku wapendayo. Alitaka mlango wake mwenyewe wa kutokea. Kwa hiyo alipeleka pembe zake pwani kwa misafara yake, na mfanya biashara mmoja kutoka Uswisi, Philippe Broyon, akawa rafiki yake akaoa kwake. Alitafuta waandishi wa kumwandikia barua, akawasiliana na balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja, Daktari John Kirk. Mtemi aliyezaliwa katika nchi isiyo na maandishi alijua thamani ya karatasi.

Mwaka 1879 Daktari Ebenezer Southon, wa Chama cha Misioni cha London, alifika Urambo. Mirambo alimkaribisha, akampa mahali pa kujenga juu ya kilima. Southon alitibu wagonjwa, akafundisha, akawa rafiki wa mtemi. Mirambo alimwuliza habari nyingi za nchi za mbali na za vyombo na kazi za mafundi. Mwaka 1882 Southon alipigwa risasi mkononi kwa ajali, bunduki ya mtu aliyefuatana naye ilipolia yenyewe. Mkono ukakatwa, lakini hakupona. Alikufa mwezi wa Julai. Mirambo hakubatizwa, wala hakuacha desturi za watemi, lakini misioni ilikaa katika nchi yake kwa salama maisha yake yote.

Mji wake mkubwa uliitwa Iselamagazi. Ulizungukwa na kuta nene za udongo, na ndani yake walikaa maelfu ya watu wa makabila mengi. Humo walionekana wafanya biashara wa pwani, Wangoni, Wanyamwezi wa kila upande, na wajumbe wa watemi wa mbali. Mirambo mwenyewe hakupenda ulevi, kwa kuwa aliona pombe humzuia mtu kufanya kazi yake. Utawala wake ulipokuwa katika upeo wake ulifika mpaka Uvinza, penye chumvi nzuri na kivuko cha mto Malagarasi. Mwenye kukishika kivuko hicho aliishika njia ya Ujiji.

6. Neno la Mpimbwe

Lakini vitu alivyojengea nguvu zake ndivyo vilivyomharibia. Rugaruga waliishi kwa nyara. Vita vikikoma, hawana chakula wala kazi. Kwa hiyo kila mwaka ilikuwa lazima jeshi litoke kwenda mahali.

Mwaka 1880 jeshi lake lilishambulia mji mmoja katika nchi ya Mpimbwe, kusini. Ndani ya mji ule walikuwamo Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, watumishi wa mfalme wa Ubelgiji. Carter ndiye aliyeleta ndovu kutoka India ili kujaribu kama watafaa kuchukua mizigo mahali pa wapagazi. Katika ghasia za vita wote wawili waliuawa. Mirambo alituma habari ya kujitetea, kwamba hakukusudia kuwaua. Lakini urafiki wake na balozi wa Unguja ukavunjika tangu siku ile. Mlango aliojitahidi miaka mingi kuufungua ukafungwa kwa asubuhi moja.

Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 1882 alifanya urafiki na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanya biashara mkubwa wa Manyema, akamruhusu kupita na pembe zake. Waarabu wa Tabora hawakuupenda urafiki huo, lakini Mirambo alijua kwamba Waarabu si watu wa neno moja, na kwamba asiyeweza kupatana na wote yafaa apatane na mmoja.

7. Kufa Kwake

Katika miaka yake ya mwisho Mirambo alishikwa na ugonjwa wa koo, sauti yake ikafifia. Hata hivyo hakuacha vita. Alikufa tarehe 2 Desemba 1884, akiwa na umri wa miaka arobaini na zaidi kidogo. Ndugu yake Mpandashalo akashika utawala baada yake.

Mpandashalo alirithi boma na bunduki na jina, lakini hakuweza kurithi akili ya ndugu yake. Watemi waliomtii Mirambo walimtii yeye mwenyewe, wala si Urambo. Mmoja baada ya mmoja walijitoa, na kwa miaka michache dola ile kubwa ikarudi kuwa nchi ndogo. Mwaka 1890 Wadachi walifika Tabora na kutweka bendera yao. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alipigana nao kwa ushujaa mpaka mwaka 1893, lakini Urambo haikuwa tena na nguvu ya kusimama pamoja naye. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na njia ya misafara ikaota majani.

8. Mafunzo ya Maisha Yake

Watu wa zamani walimsema Mirambo kwa namna mbili. Waliochomewa vijiji vyao walimwita mharibifu, na walikuwa na haki. Waliopata amani chini yake walimwita mjenzi, nao hawakusema uongo.

Kila aliyekuja katika nchi yake Mirambo alimtazama ajue ana kitu gani cha kumfaa. Hakuwaabudu wageni, wala hakuwadharau. Alijifunza vita kwa Wangoni, biashara kwa watu wa pwani, na tiba na barua aliziita kutoka kwa Wazungu, naye akabaki Mnyamwezi. Katika hayo alikuwa na hekima kuliko watemi wengi wa siku zake.

Lakini katika vyote alivyovitwaa, alichokishika kwa nguvu kuliko vyote ni bunduki. Na bunduki haikutengenezwa Urambo, wala baruti. Zilitoka kwa wale wale aliotaka kujiepusha nao, na kila pipa la baruti lilimfunga kwao tena. Elimu aliyoanza kuikaribisha ilikuja kwa kuchelewa, akafa ingali changa. Misioni ya Southon iliendelea baada ya dola kuvunjika. Mwaka 1898 ikawekwa mikononi mwa Wamoravian, na watoto wa wale rugaruga wakasoma humo.

Jina la Mirambo halikupotea. Urambo ni jina la mji na la wilaya katika mkoa wa Tabora, na wazee wa huko husimulia habari zake. Msafiri apitaye kwa gari moshi toka Tabora kwenda Kaliua huvuka nchi yake kwa saa chache, mahali ambapo zamani msafara ulikwenda siku nyingi kwa hofu, watu wakisikiliza kama majani yanatikisika kando ya njia.